Mafuta ya Mjane na Deni la Nyumba

Somo la kujifunza nyumbani na katika mikutano ya mitaa. Soma kwanza: 2 Wafalme 4:1–7.

Mwezi huu twataka kujifunza pamoja jambo ambalo halisikiki sana mimbarani, nalo ni deni, hasa deni lile ambalo nyumba ya mtu imewekwa rehani kwa ajili yake. Huku Ufipa wengi wetu tumekwisha kukopa: huyu kwa kuezeka nyumba yake mjini Sumbawanga, huyu kwa mbolea na maksai kule Laela au Mpui, huyu kwa karo ya mtoto. Wako katika hao wasiopata usingizi usiku, nao waja kanisani kila Jumapili na kuimba pamoja nasi, wala sisi hatujui. Kwa hiyo yatupasa kulileta jambo hili mbele ya Neno la Mungu.

1. Mjane na mwia wake

Mume wa mama huyu alikuwa mmoja wa wanafunzi wa manabii, mtu mcha Mungu. Hata hivyo alikufa akiacha deni. Mwia, yaani yule mwenye kumdai, akaja kuwatwaa watoto wake wawili wawe watumwa. Liangalieni jambo hili vema: uchaji wa marehemu haukulifuta deni lake, na waliokuwa karibu kulilipa ni watoto, ambao hawakukopa kitu.

Elisha hakumkemea mjane, wala hakumwambia aketi tu akingoja. Alimwuliza kwanza ana nini nyumbani mwake. Alikuwa na mafuta kidogo, basi. Nabii akamtuma kuazima vyombo vitupu kwa jirani zake, akafunga mlango, akamimina, na Mungu akavijaza vyote. Hapo ndipo alipopewa utaratibu: kwanza ayauze mafuta, pili alipe deni, tatu yeye na wanawe waishi kwa yatakayosalia.

Sisi twapenda kuugeuza utaratibu huo. Twauza, twatumia, kisha twalipa kwa kinachosalia. Na mara nyingi hakisalii kitu. Hata muujiza wa Mungu usingemfaa mjane yule kama angalifanya hivyo.

2. Rehani ni nini

Rehani ni ahadi iliyotiwa sahihi, kwamba mkopaji asipolipa, nyumba yake itauzwa ili mwia apate haki yake. Si dhambi kuiweka. Mtu aliyekopa kwa kipimo akajenga mahali pa kukaa na watoto wake hakufanya ubaya. Lakini asisahau kwamba tangu siku ile analala katika nyumba yenye mkono wa mtu mwingine juu yake. Katika Nehemia sura ya 5 twasoma habari za watu walioweka rehani mashamba na nyumba zao ili wapate nafaka wakati wa njaa, hata watoto wao wakaingia utumwani. Neno hilo si la kale tu.

Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 yataka mume au mke aridhie kabla ya nyumba wanayokaa kuwekwa rehani. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka huo huo imewafungulia wanavijiji njia ya kupata hati ya hakimiliki ya kimila, na hati hiyo nayo yaweza kutumika kama dhamana. Twaishukuru njia hiyo. Lakini mwenye hati na akumbuke kwamba aiwekapo dhamana, aweka shamba la wanawe.

Tumewahi kuitwa katika nyumba moja ambapo mama alipata habari ya rehani siku ile karatasi ya mnada ilipobandikwa mlangoni. Mume wake alikuwa amemficha muda mrefu, si kwa ubaya wa moyo, bali kwa aibu. Tulisali pamoja nao, lakini wakati wa shauri jema ulikuwa umekwisha kupita. Ndugu, deni lililofichwa huzaa gizani. Mwenye deni la nyumba na aanze kwa kusema kweli kwa mwenzake, usiku huu huu kama bado.

3. Hesabu ya kulipa mapema

Watu wengi hudhani kwamba kulipa mapema ni kujisumbua bure, maana muda uliokubaliwa haujaisha. Tutwae mfano. Mtu amekopa shilingi 10,000,000 za kumalizia nyumba, kwa riba ya 18 kwa mia kwa mwaka, nayo yahesabiwa kila mwezi juu ya salio linalopungua, kwa muda wa miaka 5. Rejesho lake la mwezi ni karibu shilingi 254,000. Mwezi wa kwanza riba peke yake ni shilingi 150,000. Basi ni shilingi 104,000 tu zinazopunguza deni lenyewe. Akienda hivyo hata mwisho, atakuwa amelipa karibu shilingi 15,240,000.

Jirani yake ana mkopo ule ule, lakini ajinyima shilingi 46,000 kila mwezi, alipa shilingi 300,000. Huyu atamaliza katika mwezi wa 47 badala ya mwezi wa 60, na jumla yake itakuwa karibu shilingi 13,970,000. Ameokoa shilingi 1,270,000 hivi, tena ameondoa miezi 13 ya hofu. Sababu yake ni hii: kila shilingi iliyotangulia yapunguza deni lenyewe, na deni lililopungua halizai riba tena.

Lakini kabla ya kutia sahihi, na kabla ya kupeleka ziada, ulizeni mambo haya. Je, riba yahesabiwa juu ya salio linalopungua, au juu ya mkopo wote tangu mwanzo hata mwisho? Kwa namna hii ya pili, riba ya mkopo wa mfano wetu ni shilingi 9,000,000, na huenda kulipa mapema kusikuokolee kitu. Je, iko ada ya kumaliza kabla ya wakati? Tena andikeni barua kwamba fedha za ziada zipunguze deni lenyewe, zisiwekwe kuwa rejesho la mwezi ujao, mkatunze kila stakabadhi.

Ikiwa una madeni mengi, lianze lile lenye riba kali. Ile mikopo midogo ambayo watu wenyewe wameiita “kausha damu” yaweza kula zaidi kuliko deni la nyumba. Wala usipeleke kila senti kwa mwia. Weka kwanza akiba ya ugonjwa na ya chakula, usije ukalipa deni moja asubuhi na kukopa jingine jioni.

4. Uwekevu wa ntumba

Fedha za ziada zitatoka wapi? Hapa wazee wetu Wafipa watufundishe. Mvua zinapokaribia kwisha, mkulima hakuyachoma majani ya shamba lake. Aliyakusanya, akayafunika kwa udongo, akafanya vile vilima tunavyoviita ntumba. Majani yalioza ndani yake, na mvua za mwaka wa pili zilipofika, alitawanya udongo ule uliotiwa nguvu, akapanda ulezi wake. Kilichoonekana kuwa takataka kilikuwa chakula cha mwaka ujao. Huo ndio uwekevu: kutokichoma leo kitakachotulisha kesho.

Mkulima hapati fedha kila mwezi. Basi, akikopa, na aombe marejesho yafuate mavuno, wala asikubali masharti ya mtu wa mshahara. Mahindi na maharage yanapoingia nyumbani, na ayagawe mbele ya mke na watoto: haya ya kula hata mavuno mengine, haya ya mbegu, haya ya sadaka, haya ya deni. Fungu la deni liuzwe na kulipwa kabla fedha hazijazoea mfuko. Kuuza mahindi yote wakati wa mavuno, bei ikiwa chini, na kununua unga mwezi wa Januari kwa bei ya juu, ni kama kuchoma majani yale.

Tena tuzitazame sherehe zetu. Kipaimara ni siku ya mtoto kukiri imani yake. Si siku ya baba kukopa ng'ombe, jukwaa na sare za ukoo mzima. Tumeona deni la kipaimara likidumu kuliko mafundisho yenyewe. Nao vijana wanaoweka fedha katika kamari za mpira, wakitumaini kulipa madeni kwa mara moja, wanamwaga mafuta penye mchanga.

Wengi hueleza kwamba jina Sumbawanga lina maana ya kutupa uchawi. Na tuutupe basi, pamoja na hofu yake. Wako wanaosema, “Fedha zangu hazikai, nimetupiwa jambo,” kisha wapeleka kwa mganga kile ambacho kingepunguza deni. Ndugu, chukua daftari, andika kila kilichoingia na kila kilichotoka kwa miezi mitatu. Mara nyingi mwizi ataonekana humo, naye ana mikono yetu.

Lakini uwekevu si ubahili. Bahili hujiwekea, akamfungia jirani mlango. Mwekevu hujinyima apate kuwa huru. Msiwanyime watoto chakula, wala msimrudishe mgonjwa kutoka zahanati, kwa ajili ya kumaliza deni upesi.

5. Ushuhuda wetu, na neno kwa viongozi

Haya hatuyasemi kama watu waliosimama mbali. Nasi tulikopa ili tumalize nyumba, nasi tulichelewa kulipa, na kwa muda tuliona haya kuwatembelea Wakristo tuliodhani wanajua. Mama wa nyumbani mwetu ndiye aliyelitwaa daftari mikononi mwetu. Tulitembea kwa miguu tulipozoea kupanda pikipiki, tukauza maharage tuliyotaka kuyageuza kuwa seti ya viti, na kila mavuno tukapeleka kitu mbele ya wakati. Siku ya mwisho hatukufanya karamu. Tuliipokea hati, tukahakikisha kwamba rehani imefutwa katika daftari la msajili, kwa maana deni lililolipwa bila kufutwa rehani laweza kuwasumbua warithi. Usiku ule tulilala.

Wainjilisti na wazee, msimtangaze mdeni, wala msimpime mtu kwa sadaka yake. Jirani za mjane walimwazima vyombo, hawakumwazima maneno. Mtafutieni mtu wa kumfundisha hesabu, mwende naye kwa mwia akazungumze mapema, kabla ya mnada. Luther katika Katekismo Ndogo ya mwaka 1529 aliihesabu nyumba pamoja na shamba katika mkate wa kila siku tunaouomba. Na mwaka 1524 aliandika juu ya biashara na riba, akaonya pia juu ya kujifanya mdhamini wa deni la mwingine. Basi kuilinda nyumba ya jirani ni sehemu ya sala ile.

Mtume Paulo katika Warumi 13:8 ataka tusiwiwe na mtu kitu isipokuwa upendo. Deni hilo moja halina siku ya mwisho. Na aliyetolewa katika madeni mengine ana mikono miwili ya kulilipa.

Maswali ya kuzungumza

1. Elisha alimpa mjane utaratibu gani? Nyumbani mwako ni kipi hutangulia?
2. Je, mwenzako wa ndoa ajua madeni yako yote? Kama hajui, ni nini kinachokuzuia?
3. Hesabu ya riba ya mkopo wako hufanywa kwa namna gani? Nani aweza kukusaidia kuisoma?
4. Katika mtaa wenu ni sherehe gani inayowaingiza watu katika deni? Mwaweza kukubaliana nini juu yake?
5. Ni mdeni yupi aliye karibu nawe, na ni chombo gani waweza kumwazima?

Bwana azilinde nyumba zenu.