Vidole vya Mtoto Husoma Kwanza

Mara nyingi twamwona mtoto wa miaka mitatu akiketi karibu na mama yake apepetaye mchele. Mtoto atia mkono katika ungo, nasi twamkemea, "Acha, usichafue!" Basi huondoka kwa huzuni. Je, alikuwa akichafua tu? Sivyo. Alikuwa akisoma, kwa kuwa kitabu cha kwanza cha mtoto ni kile akishikacho.

Walimu wengine walilitambua jambo hili zamani. Friedrich Fröbel wa Ujerumani, mwana wa mchungaji wa Kilutheri, mwaka 1840 aliiita shule yake ya watoto wadogo "bustani ya watoto". Vitu vya kwanza alivyowapa vilikuwa mipira laini ya sufu, yenye rangi sita. Naye daktari Maria Montessori alifungua nyumba ya watoto katika mtaa wa maskini mjini Roma, tarehe 6 Januari 1907. Huko watoto walipapasa kwa vidole herufi za karatasi ya msasa, ndipo wakaziandika.

Nasi twaweza kufanya yafananayo nyumbani, bila fedha.

1. Mfuko wa kupapasa. Tushone mfuko wa kitambaa kizito, tutie ndani kijiko, kifuu, jani la msasa na jiwe lililo laini. Mtoto atie mkono asitazame. Tumwulize: Ni kizito au chepesi? Chakwaruza au chateleza? Kisha akitaje na kukitoa.

2. Makopo ya sauti. Tutwae makopo sita yafananayo, yasiyo na ukingo mkali. Mawili tuyatie mchanga, mawili mahindi, mawili kokoto. Tuyafunike kwa kitambaa na kuyafunga kwa kamba imara. Mtoto ayatikise, atafute yaliyo mapacha.

3. Udongo wa mfinyanzi. Tumpe donge na maji kidogo, afinyange apendacho. Tusimfanyie sisi. Ng'ombe wake akiwa na miguu mitatu, tusicheke, bali tumwulize habari za ng'ombe huyo.

Lakini twaonya. Mtoto mdogo hutia kila kitu kinywani, na punje moja au kokoto yaweza kumpalia hata afe. Wengine huzitia puani na masikioni. Kwa hiyo asiachwe peke yake na makopo hayo hata kidogo, na kamba ikilegea, kopo liondolewe. Udongo usichimbwe karibu na choo wala zizi, na kazi ikiisha mikono ioshwe kwa sabuni.

Labda mzazi atasema, "Kazi zangu ni nyingi, nafasi sina." Twajua ni kweli. Hata hivyo robo saa yatosha. Tena tusidhani ya kuwa kopo au mfuko ndio ufundishao. Mtoto hufundishwa na mtu aketiye naye, amwulizaye, kisha angojaye jibu. Hapo ndipo apatapo maneno ya yale ambayo vidole vyake vimekwisha kuyajua, na mtoto mwenye maneno mengi hataogopa kitabu siku aendapo shule.

Wazee walisema, "Udongo uwahi ungali maji." Basi mwezi huu kila nyumba ijaribu kazi moja katika hizi tatu. Nanyi walimu wa vijiji, waonyesheni wazazi kwa mikono yenu wenyewe, maana hata mtu mzima hujifunza upesi akishika.