Somo la Afya: Mgonjwa Akikataa Chakula, Mwangalie Kinywa

Mara nyingi tunasikia malalamiko haya: "Mzee amekuwa mkaidi siku hizi. Namletea uji, anafumba mdomo tu!" Wengine husema ati amerogwa. Ndugu msomaji, kabla hujamlaumu mgonjwa wako, chukua tochi, mwombe ruhusa, umwangalie kinywani. Huenda ana njaa lakini kula kunamuuma.

Utaona nini?
Ukiona madoa meupe kama maziwa yaliyoganda kwenye ulimi au mashavu, na ukiyafuta panabaki wekundu, huenda ni utando unaoletwa na kuvu. Huwapata watoto wachanga, wenye meno ya bandia, wenye kisukari, wanaotumia antibiotiki, na watu ambao kinga yao imepunguzwa na virusi vya UKIMWI. Si laana wala si aibu, una dawa. Usiukwangue kwa nguvu.

Kumsafisha kinywa
1. Nawa mikono kwa sabuni. Kama kuna damu, vaa glavu.
2. Mketishe wima. Safisha meno, ufizi na ulimi kwa mswaki laini au kitambaa safi chenye maji, asubuhi na jioni.
3. Chemsha maji, yapoe. Tia nusu kijiko cha chai cha chumvi katika kikombe kimoja. Asukutue kila baada ya kula, kisha ateme.
4. Meno ya bandia yatolewe usiku na kuoshwa.
5. Mpake mafuta midomoni isipasuke.

Angalia: mgonjwa asiyejitambua usimmiminie maji mdomoni, yataingia mapafuni. Mlaze kwa ubavu, umpanguse kwa kitambaa chenye unyevu tu.

Kumlisha
Mpe chakula laini, kidogo kidogo, mara nyingi: uji, maziwa, viazi vilivyopondwa, ndizi mbivu, parachichi. Kiwe vuguvugu. Pilipili na ndimu ziache kwanza, zitamchoma. Akimaliza, asilale papo hapo. Aketi kama nusu saa.

Kituo cha afya
Muuguzi akimpa dawa ya matone, aizungushe mdomoni kabla ya kumeza, na aitumie siku zote alizoandikiwa hata utando ukitoweka mapema. Akisikia uchungu kifuani anapomeza, huenda kuvu imeshuka kwenye umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni. Hapo matone hayatoshi, anahitaji dawa ya kumeza. Apimwe pia virusi. Anayeishi navyo akitumia ARV vizuri, kinga yake hupata nguvu tena.

Usingoje hata siku moja akitapika damu, akipata choo cheusi kama lami, au akishindwa kumeza hata maji. Kidonda cha mdomo kisichopona kwa wiki mbili kichunguzwe. Na ugali ukianza kukwama, baadaye hata uji, huku mtu anakonda, apelekwe hospitali upesi: inaweza kuwa saratani ya umio. Wengi huchelewa wakidhani ni vidonda vya tumbo.

Maswali ya kujadili katika kikundi
1. Katika kijiji chetu, nani hawezi kula vizuri? Nani amemwangalia kinywa?
2. Nani atamsaidia yule anayemuuguza peke yake?

Tunapowatembelea wagonjwa Jumapili, tusiende na maombi pekee. Twende pia na tochi, chumvi na kitambaa safi.