Mbwa Asiyebweka na Ugonjwa Uliofichika

Hapa kwetu Gisenyi mtu akitaka kumsifu mbwa wake husema, "Huyu ni safi, hana mchanganyiko." Mbwa wa kijijini, asiyejulikana baba yake, huitwa mbwa koko na kufukuzwa kwa mawe. Katika somo hili nataka kuonyesha kwamba usafi wa ukoo si afya, na kwamba ulipofika wakati wa shida, mbwa wa ukoo walitafutiwa msaada kwa hao hao wa kijijini. Mfano wangu watoka kwa jirani zetu wa Kongo. Ni mbwa aitwaye basenji.

1. Mbwa mwenyewe

Ukivuka mpaka kuingia Goma, ukashika njia ya kaskazini kupita Rutshuru, Butembo na Beni, wafika msitu wa Ituri, na mbele yake nchi ya mto Uele. Huko wawindaji hutumia mbwa mdogo mwenye masikio yaliyosimama na mkia uliojikunja. Yeye habweki kama mbwa wengine, bali hutoa sauti kama ya kuimba. Kwa hiyo bwana wake humfunga kengele ya mti shingoni, apate kujua alipo ndani ya majani. Jina basenji latoka katika lugha za Kongo, nalo ni ndugu wa neno letu "washenzi". Maana yake ni watu wa porini.

Wazungu walimpenda, lakini kumhamisha hakukuwa rahisi. Waliopelekwa Uingereza mwaka 1895 walikufa upesi kwa maradhi. Baadaye Bibi Olivia Burn alileta wengine wakaishi, na mwaka 1937 walionyeshwa katika maonyesho makubwa ya mbwa yaitwayo Crufts, watu wakasongamana kuwatazama. Mwaka 1959 Bibi Veronica Tudor-Williams alisafiri mpaka kusini mwa Sudan akarudi na jike jekundu, Fula, ambaye damu yake imo katika karibu basenji wote walioandikwa.

Sasa angalieni jambo moja. Wafugaji waliandika daftari la ukoo, kisha wakalifunga. Mbwa asiyezaliwa na wazazi walioandikwa hakupokelewa. Hivyo maelfu ya basenji wa Ulaya na Marekani walitoka kwa mababu wachache sana. Mke na mume, hata wakikaa miji miwili mbalimbali, walikuwa ni watoto wa nyumba moja.

2. Jaribio la maharage

Ili tufahamu ubaya wa jambo hilo, chukua kofia mbili. Katika kila kofia tia haragwe moja jekundu na moja jeupe. Kofia ya kwanza ni baba, ya pili ni mama. Fumba macho, utoe haragwe moja katika kila kofia: hayo mawili ndiyo mtoto. Andika rangi zake, uyarudishe mahali pake, kisha rudia mara mia.

Haragwe jekundu ni jeni nzima. Jeupe ni jeni mbovu. Kila mbwa hupokea jeni mbili za namna moja, moja kwa baba na moja kwa mama. Katika magonjwa ya aina hii, jeni moja nzima yatosha kumlinda. Mwenye jekundu na jeupe haugui kamwe. Twamwita mchukuzi, kwa kuwa amebeba mzigo usioonekana. Mwenye meupe mawili ndiye augua.

Mimi na wenzangu wawili tulifanya jaribio hili juu ya meza ya bweni, tukakaribia hesabu ya kitabu: katika watoto wanne, mmoja mgonjwa, wawili wachukuzi, mmoja salama kabisa. Kisha tukabadili: kofia moja tukaitia mekundu mawili. Tukatoa mpaka tukachoka, wala hatukupata mgonjwa hata mmoja. Nusu walikuwa wachukuzi, nusu salama. Shikeni neno hili, maana tutalirudia.

Katika kundi kubwa lenye damu nyingi, mchukuzi mara chache hukutana na mchukuzi mwenzake. Lakini watoto wa babu mmoja wamerithi mzigo mmoja. Daftari likifungwa, meupe hukutana na meupe.

3. Figo zinazovuja

Ugonjwa wenyewe huitwa Fanconi, kwa jina la Guido Fanconi, mganga wa watoto wa Uswisi. Tunajua kwamba figo huchuja damu. Kwanza maji hupita katika mirija midogo pamoja na sukari, chumvi na asidi amino. Kisha mirija hiyo hurudisha vitu vya faida katika damu, na uchafu peke yake huenda na mkojo. Kwa mbwa mwenye Fanconi mirija hushindwa kurudisha. Sukari yamwagika, bikaboneti yamwagika, damu yazidi kuwa na asidi. Mbwa hunywa maji bila kukoma, hukojoa mno, hukonda, na asipotibiwa mwishowe figo hufa.

Tena kuna hila kubwa katika ugonjwa huu. Mara nyingi hauonekani mpaka mbwa afikishe umri wa kati ya miaka minne na minane. Wakati huo amekwisha kuzaa, na watoto wake nao wamekwisha kuuzwa. Huko Marekani ya Kaskazini wataalamu walikadiria kwamba basenji mmoja hivi katika kumi alikuwa nao.

4. Kupima na kulinda

Basi wafugaji wakajifunza kulinda zamu. Mbwa akitimiza miaka mitatu, kila mwezi huchovya kijiti cha kupimia katika mkojo wake. Kijiti kikigeuka rangi kuonyesha sukari, hupima na damu pia. Katika ugonjwa wa kisukari, sukari ya damu huwa imepanda. Katika Fanconi sukari ya damu ni ya kawaida, lakini mkojo una sukari. Kwa alama hiyo magonjwa haya mawili hutengwa.

Bwana Steve Gonto wa Marekani alitunga utaratibu wa matibabu, ambao nguzo yake ni kumrudishia mbwa bikaboneti anayoipoteza. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2004 ulionyesha kwamba mbwa wengi waliotibiwa waliishi miaka mitano na zaidi baada ya ugonjwa kugunduliwa. Kijiti cha bei ndogo, kikitumiwa kila mwezi, chaweza kumpa mbwa maisha yake.

Hata hivyo kijiti chaonyesha mgonjwa tu, si mchukuzi. Mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Missouri kilitoa kipimo cha kukisia mchukuzi kwa alama zilizo karibu na jeni mbovu, na mwaka 2011 kikatoa kipimo cha jeni yenyewe. Mfugaji hupangusa ndani ya shavu la mbwa kwa pamba, akaipeleka, naye hujibiwa: salama, mchukuzi, au mgonjwa.

5. Je, wachukuzi watupwe?

Wengi watasema, "Wahasiwe wote, ugonjwa uishe!" Lakini basenji wamekwisha kuonja dawa hiyo. Kabla ya Fanconi walikuwa na ugonjwa mwingine wa kurithi, wa upungufu wa damu. Kipimo cha wachukuzi kilipopatikana katika miaka ya 1970, wafugaji wengi waliwaondoa wote katika uzazi. Ugonjwa ule ulikaribia kutoweka, lakini pamoja nao zilipotea jeni nyingi nzuri ambazo mbwa hao walikuwa nazo, na ukoo uliokuwa mwembamba ukazidi kuwa mwembamba.

Hapo ndipo tulirudie lile neno la kofia: mchukuzi akioana na aliye salama, hazaliwi mgonjwa. Basi mchukuzi mwema asitupwe. Apewe mwenzi aliye salama, kisha watoto wapimwe.

Dawa ya pili ilikuwa kulifungua daftari. Mwaka 1987 na 1988 wafugaji wa Marekani walisafiri mpaka kaskazini mashariki mwa Kongo, iliyoitwa Zaire wakati huo, wakatafuta mbwa kwa wawindaji wa vijijini. Mwaka 1990 chama cha mbwa cha Marekani kikawapokea 14 katika daftari. Daftari lilifunguliwa tena tangu 2009 hata 2013. Mbwa wasio na karatasi, wa watu walioitwa washenzi, ndio waliotafutwa kuongeza damu ya mabwana wenye karatasi. Hata hao hawakuaminiwa bure. Nao pia hupimwa.

6. Faida yetu

Mjomba wangu hufuga mbuzi mlimani. Kila baada ya miaka miwili hubadilishana beberu na jirani. Nilipomwuliza sababu alinijibu, "Mwanangu, beberu hawaoi binti zake." Hakusoma biolojia, lakini amelijua somo hili lote.

Na sisi wanadamu tumo. Ugonjwa wa selimundu, unaosumbua watu wengi katika Afrika yetu, hurithiwa kwa kanuni ile ile ya maharage. Mchukuzi wake si mgonjwa, wala hana aibu yoyote. Lakini wachukuzi wawili wakioana bila kujua, kila mtoto wao yumo katika hatari ya moja katika nne. Vijana tunaokaribia kuoa na kuolewa yafaa tupime damu mapema.

Nanyi mliotutangulia, mnaofuga mbwa Goma, Kigali au kwingineko, mtu akiwauzia mbwa wa bei kubwa, msiulize tu kama ni safi. Ulizeni: wazazi wake wamepimwa?

Maswali ya kujipima
1. Kwa nini Fanconi huenea hata kama hakuna mfugaji azalishaye mbwa mgonjwa kwa kusudi?
2. Mchukuzi akizaa na mgonjwa, watoto watakuwaje? Tumia kofia na maharage.
3. Mbwa ana sukari katika mkojo. Utapima nini tena, na kwa sababu gani?