Buibui Mla Mbu wa Kandokando ya Ziwa Victoria

Buibui warukaji hawatandi utando wa kunasia. Huvizia windo kwa macho, kisha hulirukia. Mmoja wao, Evarcha culicivora, amewavutia wataalamu wa malaria kwa tabia yake ya pekee: humchagua mbu aliyekwisha kufyonza damu. Alielezwa kisayansi mwaka 2003 kutokana na vielelezo vya Mbita, Kenya, naye anajulikana kutoka pembezoni mwa Ziwa Victoria, nchini Kenya na Uganda. Kwa mkazi wa Musoma au Bunda, hayo ni maji yale yale.

Makazi yake ni mashina ya miti na kuta za majengo wanamoishi watu. Anapotulia hujificha nyasini, karibu na ardhi. Anapowinda hutoka mahali pa wazi. Mwili wake una urefu wa milimita 5 hivi. Mahali hapo hujaa wadudu wadogo wa ziwani, wale wapaao makundi kwa makundi kama moshi, nao hufanana mno na mbu. Hata hivyo buibui huyu hawachanganyi. Angali mchanga, humtambua Anofelesi kwa namna atuavyo, tumbo likiwa limeinuka. Harufu nayo humwongoza: mwaka 2011 Fiona Cross na Robert Jackson walionesha kwamba soksi iliyovaliwa humvuta kuliko iliyo safi.

Mgonjwa aweza kuuliza: mbu aliyeshiba damu amekwisha kuuma, kumuua kuna faida gani? Faida ipo. Kimelea cha malaria huhitaji takriban siku 10 au zaidi mwilini mwa mbu kabla ya kuweza kuambukiza. Mbu aliyeliwa leo hatafikia siku hiyo, wala hatataga mayai. Buibui mwenyewe haambukizi malaria, na hafyonzi damu ya binadamu moja kwa moja.

Jambo hili lawahusu wahudumu wa afya pia. Malengelenge ambayo watu husema ni “mkojo wa buibui” mara nyingi ni mkanda wa jeshi, au ni sumu ya yule mdudu mwembamba mwekundu na mweusi aliyepondwa juu ya ngozi. Mgonjwa achunguzwe kwa sababu hizo.

Hakuna buibui awezaye kulinda kitanda usiku kucha. Mbu hawaishii ufukweni. Butiama, mbali kidogo na ziwa, chandarua chenye dawa kinahitajika vilevile, na mtoto mwenye homa apimwe malaria siku hiyo hiyo.