Mzaha mbele ya mbuzi

*Tunaishi Muyinga. Sikukuu ya Idi el-Hajj, shemeji yangu wa Gitega alinoa kisu mbele ya mbuzi wa kuchinjwa huku akiigiza mlio wake. Watu walicheka. Mwanangu wa miaka 7 hadi leo hagusi mishikaki. Je, namdekeza? Mama Z.*

Mama Z. hamdekezi. Mtoto akimlisha mbuzi majani wiki nzima, huwa keshamfanya rafiki. Shemeji naye huenda anacheka ili mkono usitetemeke, lakini mafunzo ya Mtume yako wazi: kisu kinolewe, tena mbali na macho ya mnyama.

Mama Z. amwambie shemeji hivyo faraghani. Mtoto asilazimishwe nyama, ale maharage na ndagala (ajabu, ndagala hawamlizi mtoto!). Akikosa usingizi au kukataa chakula chote, apelekwe kituo cha afya.