SOMO LA MWEZI: MAMA ARUDIPO SHULENI KUSOMEA UUGUZI

Ndugu Wanachama,

Somo letu safari hii si la miche wala la kukausha karafuu. Ni juu ya mtu mzima, mke wa mtu na mama wa watoto, anayetaka kurudi darasani asomee uuguzi. Jambo hili limekwisha kuingia katika nyumba za wanachama wengi. Binti aliacha shule akaolewa. Sasa watoto wamesimama, naye ataka kurudi. Wazee hukuna ndevu, mume hunyamaza, na jirani hutoa methali: mshika mbili moja humponyoka. Methali hiyo tusiidharau, maana ina kweli ndani yake. Lakini yatupasa tuulize: ni nani aliyesema kwamba lazima ashike yote peke yake?

1. PUGE NA SISI

Mfano wetu tutautoa Puge. Puge ni kata katika Wilaya ya Nzega, Mkoa wa Tabora, kando ya barabara itokayo Tabora kwenda Nzega. Nchi ile ni ya Wanyamwezi, watu wa mahindi, mpunga, karanga na ng'ombe. Msidhani wako mbali na sisi. Katika karne ya 19 misafara ya pembe na ya watumwa ilipita Tabora kwenda na kurudi pwani, na wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi. Katika karne ya 20 Wanyamwezi wengi walivuka bahari wakaja kupalilia na kuchuma karafuu katika mashamba ya Unguja na Pemba.

Mpagazi yule wa zamani ana funzo kwetu. Mzigo wake ulijulikana kabla hajaondoka: kiasi cha frasila 2, yaani ratili 70 hivi. Aghalabu aliondoka baada ya mavuno, akapenda kurudi kabla ya mvua za kupanda. Na huko nyuma shamba na watoto walikuwa na mtu wa kuwatazama, mke au jamaa. Hakuna aliyemwambia achukue pembe begani mpaka Bagamoyo na huku aendelee kulima Unyamwezi. Lakini mama arudipo shuleni, hivyo ndivyo tunavyomwambia.

2. NJIA YA MASOMO

Mtu wa Puge hana haja ya kwenda Dar es Salaam. Ndala, si mbali na Puge, pana hospitali ya misheni na chuo cha uuguzi. Nkinga, katika wilaya jirani ya Igunga, pana hospitali nyingine na chuo cha afya. Sisi visiwani tunacho chuo cha afya cha Mbweni, ambacho tangu 2016 ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar.

Mlango wa kuingilia ni cheti cha kidato cha nne, chenye kufaulu bayolojia, kemia na fizikia. Kwa upande wa bara, aliyeacha shule kabla ya hapo hakufungiwa njia. Hufanya Mtihani wa Maarifa, ambao watu huuita QT, kisha hufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Iko Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliyoundwa 1975, ambayo kazi yake ni kuwasaidia watu wa namna hii. Na tangu Novemba 2021 Serikali imewaruhusu wasichana waliokatiza masomo kwa sababu ya ujauzito warudi shuleni.

Stashahada ya uuguzi na ukunga huchukua miaka 3. Muda mwingine mwanafunzi yuko darasani, na mwingine yuko wodini. Na wodi haijui Ijumaa wala Jumapili wala usiku. Akimaliza na kufaulu huandikishwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga, ambalo kwa upande wa bara hufanya kazi chini ya sheria ya 2010. Zanzibar tunalo baraza letu wenyewe. Mambo haya yafaa yasemwe wazi nyumbani tangu mwanzo, hasa ile zamu ya usiku, ili mume asije akashtuka mwaka wa pili.

3. HESABU YA SAA

Sasa tupige hesabu. Tuseme yuko mama Puge, ana miaka 31 na watoto wawili, naye ni mhudumu katika zahanati. Wiki ina saa 168. Alale saa 7 kila siku: ni saa 49. Darasa na wodi tuzikisie saa 40. Kusoma peke yake saa 2 kila siku: ni 14. Kula, kuoga, kusali na kwenda na kurudi, saa 3 kila siku: ni 21. Jumla ni saa 124. Zimebaki saa 44.

Katika nyumba ya shamba, kuteka maji, kutafuta kuni, kupika, kufua na kushughulika na watoto hakupungui saa 6 kwa siku. Kwa wiki ni saa 42. Basi zimebaki saa 2 tu, nayo kazi yake ya zahanati yataka saa 40. Je, atazitoa wapi? Atazitoa katika usingizi. Na mtu asiyelala hukosea kipimo cha dawa, huanguka mtihani, na nyumbani huwa mkali kwa watoto bila ya sababu.

Hapo ndipo methali ya jirani ina haki. Masomo yote, kazi yote na nyumba yote haviingii katika wiki moja. Walakini hesabu haikusema mama asisome. Imesema kuna mizigo ambayo lazima itoke kichwani mwake iende kwa mwingine.

4. KUGAWA MIZIGO

Sisi watu wa karafuu tunaijua kazi ya kugawana. Mmoja yuko juu ya mkarafuu, wengine wako barazani wanachambua karafuu na makonyo, mwingine anageuza majamvini huku akitazama wingu. Aliye juu ya mti hatumwiti ashuke akageuze jamvi. Tukimwita kila mara, mti hautakwisha, na huenda akateleza. Mama aliye chuoni yuko juu ya mti. Basi nyumba ifanye hivi:

Kwanza, wakae kikao kabla ya fomu kujazwa. Awepo mume, awepo mama mkwe au mama mzazi, na watoto wakubwa. Kila mzigo utajwe na upewe mtu: maji ni fulani, chakula cha jioni ni fulani, kumpeleka mtoto shule ni fulani. Neno “tutasaidiana” halitoshi, maana mzigo wa wote huangukia yule yule wa siku zote. Na mume asiseme kwamba anamsaidia mkewe. Nyumba ni yake pia, na watoto ni wake.

Pili, waamue nani atakaa na mtoto siku akiugua. Homa haingoji likizo, na mama akikosa wodini mara kwa mara hurudishwa nyuma. Siku hiyo ipangiwe mtu na mapema.

Tatu, saa za kusoma ziheshimiwe. Zichaguliwe saa 2, ziwe zile zile kila siku, mathalan baada ya sala ya alfajiri au watoto wakishalala. Katika saa hizo asitumwe, asiitwe, wala asiulizwe chumvi iko wapi.

Nne, aliye na kazi aombe ruhusa kwa maandishi na apate jibu kwa maandishi. Kwa upande wa bara, sheria ya kazi ya 2004 inampa mama mwajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84 zenye malipo, na muda usiozidi saa 2 kwa siku wa kumnyonyesha mtoto. Haki hizo ni za mwajiriwa. Mwanafunzi aulize chuo chake kina utaratibu gani.

Tano, fedha zihesabiwe zote. Si ada tu: kuna nauli, sare, vitabu, na ule mshahara utakaopungua. Tangu mwaka wa masomo 2023/2024 Bodi ya Mikopo imeanza kuwakopesha baadhi ya wanafunzi wa stashahada, na fani za afya zimo. Lakini masharti ya umri na ya mwaka wa kumaliza shule yasomwe kwanza, kabla ya kuutumainia mkopo huo.

Sita, kila mwisho wa mwezi wakae tena. Aliyelemewa aseme, mizigo ibadilishwe. Mtoto akiwa mchanga mno, au mgonjwa yumo ndani, kungoja mwaka mmoja si kushindwa, ilimradi mwaka wenyewe utajwe. “Siku moja inshallah” haina tarehe, na wengi wamezeeka wakiingoja.

5. WALIOPUNGUZA MZIGO KWA NJIA NYINGINE

Wenzetu wa Kenya walikuwa na wauguzi wa cheti zaidi ya 20,000 waliotakiwa kupanda daraja. Kuwatoa wote vituoni waende vyuoni kungaliacha hospitali tupu, na madarasa yasingewatosha. Basi mwaka 2005 shirika la AMREF, pamoja na Baraza la Wauguzi la Kenya na Wizara ya Afya, lilianzisha masomo ya kompyuta: muuguzi akasomea karibu na kituo chake huku akiendelea na kazi. Wengi wao walikuwa watu wazima wenye familia. Tazameni siri yake: kazi na masomo viliwekwa pamoja, ikawa mzigo mmoja badala ya miwili. Anayeanza uuguzi upya hawezi kufanya hivyo kwa ukamilifu, lakini aliye muuguzi tayari na anayetaka kupanda aulize kwanza njia ya namna hii kabla ya kuacha mshahara.

6. KWA NINI JAMBO HILI LITUHUSU

Msimu ukifika na mchumaji akaanguka kwenye mkarafuu, anayempokea hospitali ni muuguzi. Binti yako akishikwa na uchungu usiku, aliye mbele yake ni mkunga. Tunalalamika kuwa wauguzi ni wachache, na huku nyumbani mwetu yumo mtu anayetaka kuwa mmoja wao, tunamnyima kwa sababu hatujui nani atapika. Hilo ni jambo la kulipatia jibu kwa kikao kimoja.

MASWALI YA KUZUNGUMZA TAWINI

1. Andikeni kazi zote za nyumba yenu kwa wiki na saa zake. Ni ngapi zinafanywa na mtu mmoja?
2. Kama mama wa nyumba angeondoka kwenda chuoni mwezi ujao, ni mizigo mitatu gani ingeanguka kwanza, na nani angeiokota?
3. Je, yumo katika tawi lenu mtu aliyetaka kurudi shuleni akazuiliwa? Alizuiliwa na ada, au alizuiliwa na chungu?

Kila tawi lijibu, na mjumbe alete majibu katika mkutano ujao.

Wenu katika kazi,
Katibu wa Chama