Jua haki zako: Kushiriki shindano la michoro ya mashabiki mtandaoni

Katika shindano la michoro ya mashabiki, kampuni, studio au msanii huwaalika watu wachore mhusika, filamu, mchezo au mwanamuziki wanayempenda, kisha watume michoro yao kwa intaneti. Kijana wa Buyenzi au Kinama, jijini Bujumbura, anaweza kushiriki akiwa na penseli na simu tu. Anachora kwenye karatasi, anapiga picha, anaipakia, halafu anabonyeza kitufe cha kukubali masharti. Kisheria, kubonyeza huko ni kuingia mkataba. Nchini Burundi mikataba bado inaongozwa na Kitabu cha Tatu cha Sheria ya Kiraia, chenye asili yake katika dekreti ya tarehe 30 Julai 1888. Kanuni yake kuu ni kwamba makubaliano yaliyofanywa kihalali huwa sheria kwa waliokubaliana. Kwa kawaida anayekubali bila kusoma hubanwa sawasawa na aliyesoma kila mstari.

Kabla ya kufika kwenye kitufe hicho, mchoraji tayari ana mali mkononi. Sheria Na. 1/021 ya tarehe 30 Disemba 2005 inalinda kazi za ubunifu nchini Burundi, michoro ikiwemo, na ulinzi huo huanza pale mchoro unapoundwa. Hauhitaji muhuri, ada wala cheti. Tangu tarehe 12 Aprili 2016 Burundi pia ni mwanachama wa Mkataba wa Berne, ambao unazitaka nchi zote wanachama zilinde kazi za wageni kama zinavyolinda za wenyeji, tena bila kudai usajili. Kwa hiyo mchoro uliofanywa Bujumbura usiku wa leo unalindwa pia Paris, Tokyo na Nairobi.

Haki zenyewe ni za aina mbili. Haki za kimaadili zinamhusu mtu mwenyewe: atajwe kwa jina lake, na kazi yake isiharibiwe kwa namna ya kumvunjia heshima. Haki za kiuchumi zinahusu pesa: nani anaruhusiwa kunakili, kuchapisha, kuuza au kubadilisha mchoro. Hizi za pili zinaweza kuuzwa au kukodishwa, na hudumu maisha yote ya mchoraji na miaka 50 baada ya kifo chake. Za kwanza haziuzwi. Sharti linalosema kwamba mshiriki anaacha haki zake za kimaadili linaweza kuwa na nguvu katika nchi nyingine, lakini kwa mkondo wa sheria unaofuatwa Burundi, Ufaransa na Ubelgiji, jina la mchoraji halifutwi kwa sentensi moja ya mkataba.

Mchoro wa shabiki, hata hivyo, una wenyewe wawili. Mistari, rangi na mpangilio ni vya aliyechora. Mhusika ni wa aliyembuni. Mkataba wa Berne unampa mwandishi wa kazi ya kwanza haki ya kuruhusu au kukataa kazi yake ibadilishwe. Ndiyo maana mchoro mzuri wa mhusika wa mtu mwingine, uliotolewa bila ruhusa, unaweza kuondolewa mtandaoni ingawa mchoraji hakunakili hata picha moja.

Tintin, anayejulikana na kila aliyesoma vitabu vya picha vya Kifaransa, ni mfano mzuri. Mbunifu wake, Mbelgiji Hergé, alifariki mwaka 1983. Kwa hesabu ya miaka 50, ulinzi wake Burundi unafika mwisho wa 2033. Kwa hesabu ya miaka 70 inayotumika Ubelgiji na Ufaransa, unafika mwisho wa 2053. Na nchini Marekani, Tintin kama alivyochapishwa mwaka 1929 yuko huru tangu tarehe 1 Januari 2025. Mchoro mmoja ukiwekwa mtandaoni unaonekana katika nchi zote hizo kwa wakati mmoja, na kila nchi huupima kwa sheria yake. Hata majaji wa nchi moja hawakubaliani sikuzote. Mchoraji mmoja wa Bretagne, Ufaransa, alimweka Tintin ndani ya mandhari yanayofuata michoro ya Mmarekani Edward Hopper, akawa anauza kazi hizo. Mwaka 2021 mahakama ya Rennes iliona kwamba huo ulikuwa mzaha unaoruhusiwa. Mwaka 2024 mahakama ya rufaa ya Rennes ikaamua kinyume. Asiye na wakili asitegemee kisingizio cha mzaha.

Mtindo, kwa upande mwingine, hauna mwenyewe. Mchoraji Edward Saidi Tingatinga alifariki Dar es Salaam mwaka 1972, na hadi leo mamia ya mafundi huchora wanyama wenye rangi kali na madoa kwa namna yake bila kumwibia mtu, kwa sababu sheria inalinda mchoro uliokamilika na haigusi namna ya kuchora. Kuchora shujaa aliyebuniwa na mshiriki mwenyewe kwa mtindo wa katuni za Kijapani ni halali. Kuchora Naruto, mhusika wa katuni hizo mwenye mbunifu wake, ni jambo jingine.

Sura ya mtu aliye hai huleta mwenye haki wa tatu: mpiga picha. Mashabiki wengi huchora mwanamuziki au mchezaji mpira wakiangalia picha waliyoipata mtandaoni, na picha hiyo nayo ni kazi inayolindwa. Bango mashuhuri la Barack Obama la mwaka 2008, lenye rangi nyekundu na bluu, lilichorwa kutokana na picha iliyopigwa na mpiga picha wa shirika la habari la Associated Press. Shirika hilo lilidai haki yake, na mgogoro ukamalizwa kwa makubaliano mwaka 2011. Anayechora msanii wa Bujumbura kwa ajili ya shindano yuko salama zaidi akitazama picha kadhaa ili apate sura, kisha akabuni mkao, mwanga na mavazi yake mwenyewe.

Shindano likiandaliwa na mwenye mhusika, mwaliko wenyewe ni ruhusa, lakini ruhusa finyu. Unahalalisha kuchora na kutuma katika muda uliotajwa. Hauhalalishi kuchapa mchoro uleule kwenye fulana na kuziuza soko la Kwa Siyoni. Shindano likiandaliwa na mtu mwingine, kwa mfano duka la simu linalotaka wateja wachore mhusika wa filamu ya Marekani, mwandaaji hana ruhusa ya kugawa. Mara nyingi masharti ya namna hiyo humtaka mshiriki athibitishe kwamba kazi ni yake yote na alipe gharama endapo kutatokea mashtaka. Anayekubali amebeba hatari iliyopaswa kuwa ya mwandaaji.

Kifungu cha umiliki ndicho kinachostahili kusomwa mara mbili, neno kwa neno. Katika masharti ya kawaida kinaweza kusomeka hivi: "Mshiriki anampa mwandaaji leseni isiyo ya kipekee, ya dunia nzima, bila malipo, kutumia mchoro kutangaza shindano kwa miaka miwili." Hiki ni kifungu chenye haki. Leseni ni ruhusa ya kutumia, umiliki hauhami. "Isiyo ya kipekee" ina maana mchoraji hajazuiwa kumruhusu mwingine. Matumizi yametajwa na muda una mwisho. Kikigeuzwa kidogo, mambo hubadilika: "Mshiriki anahamishia kwa mwandaaji haki zote za michoro yote iliyotumwa, milele, kwa matumizi yoyote." Hapo umiliki umehama, na neno zito kuliko yote ni "yote iliyotumwa". Washiriki mia tatu wakituma michoro, mmoja akashinda, kampuni imepata michoro mia tatu kwa bei ya zawadi moja. Kumtaka mshindi ahamishe haki zake kwa malipo ni biashara ya kueleweka. Kuwanyang'anya walioshindwa ni dhuluma, hata kama imeandikwa kwa lugha ya adabu. Shindano la aina hiyo heri kuachwa.

Siku hizi kuna kifungu kingine cha kutafutwa: kile kinachomruhusu mwandaaji kutumia michoro kufundishia programu za akili bandia. Kipo pia kinachokataza michoro iliyotengenezwa na programu hizo. Katika hali zote mbili ushahidi wa mchoraji ni hatua za kazi yake: rasimu za penseli, picha za simu zenye tarehe, au faili lenye tabaka zake zote. Karatasi ya kwanza yenye mistari iliyofutwafutwa isitupwe. Ni vyema pia kutuma nakala ndogo yenye jina la mchoraji kwenye kona, na kubaki na faili kubwa hadi mwandaaji atakapotangaza matokeo. Masharti yapigwe picha kwenye kioo cha simu siku ya kushiriki, maana ukurasa unaweza kubadilishwa kesho.

Umri ni jambo ambalo wengi hulikosea. Mashindano mengi ya nje huandika kwamba mshiriki awe na miaka 18. Kanuni za Watu na Familia za Burundi, zilizorekebishwa kwa amri-sheria ya tarehe 28 Aprili 1993, zimeweka umri wa utu uzima wa kiraia kuwa miaka 21. Mwanafunzi wa miaka 19 anaweza kukubaliwa na mwandaaji, lakini kwa sheria ya nyumbani bado anahitaji mzazi au mlezi katika mkataba unaogusa mali yake. Baba, mama au mlezi asome masharti na kutoa idhini kwa maandishi. Idhini hiyo inamlinda kijana, na inamwondolea mwandaaji mwaminifu wasiwasi kwamba mkataba utapingwa baadaye.

Shindano la kweli halimdai mshindi pesa. Ujumbe unaosema, "Hongera, umeshinda dola 500, tuma kwanza faranga za kugharamia uhamisho," ni utapeli, hata ukiwa na nembo ya kampuni kubwa. Hali kadhalika ombi la namba ya siri ya Lumicash, huduma ya pesa kwa simu, au picha ya kitambulisho kabla ya matokeo. Anayetaka kumlipa mtu kwa simu anahitaji namba ya simu tu. Sheria Na. 1/10 ya tarehe 16 Machi 2022 inashughulikia makosa ya mtandao, na aliyetapeliwa apeleke malalamiko polisi akiwa na ujumbe wote, namba zote na risiti za malipo bila kufuta chochote. Zawadi halali nayo ina maswali yake: italipwa kwa njia gani inayofika Burundi, na kama ni kifaa, nani atalipa ushuru wa forodha kwa OBR, mamlaka ya mapato ya Burundi. Maswali hayo huulizwa kwa barua pepe kabla ya kushiriki, na jibu huhifadhiwa.

Mchoro ukitumiwa nje ya masharti, hatua ya kwanza ni barua fupi kwa mwandaaji inayotaja kifungu kilichovunjwa, tarehe, mahali mchoro ulipotumiwa na kinachodaiwa: kuondolewa, kuwekewa jina au kulipwa. Mitandao mikubwa ya kijamii ina fomu ya kulalamikia wizi wa kazi, na kuijaza hakuhitaji cheti. Ofisi ya Burundi ya Haki za Waandishi na Haki Jirani, OBDA, hupokea wasanii wanaotaka kujiandikisha na kutangaza kazi zao. Tangazo hilo haliumbi haki, ila humpa mchoraji tarehe ya kuonyesha mbele ya jaji. Mwandaaji aliye Burundi anaweza kushtakiwa nchini. Aliye nje kwa kawaida ameandika katika masharti kwamba kesi zitasikilizwa mjini kwake, kwa mfano California, na gharama za huko hupita thamani ya mchoro mmoja. Katika hali hiyo malalamiko kwa mtandao uliobeba mchoro, yakiambatanishwa na rasimu na nakala ya masharti, ndiyo njia nafuu ya kuanza nayo, na wakili wa Bujumbura anaweza kuandika barua ya madai hata kesi yenyewe isipofunguliwa.